Vidole, hendeli, saa au mkanda: kupima mapigo ya moyo juu ya baiskeli ya mazoezi

Hapa kwetu Kusini mwa Tanzania baiskeli ya mazoezi mara nyingi huingia nyumbani kwa sababu ya neno la daktari. Presha imepanda, sukari haishuki, au magoti hayataki tena safari ndefu za miguu. Kwa mtu wa namna hiyo ni kifaa kizuri: haimwangushi, haigongi magoti kama kukimbia, na mvua ya Januari haimzuii. Upungufu wake ni mmoja. Barabarani, kilima kinakuambia mapema kwamba umezidisha. Sebuleni unageuza tu kitufe cha ugumu na miguu inatii. Mtu anaweza kuupa moyo kazi kubwa kuliko unavyoweza bila kujua. Mwingine anakanyaga kivivu nusu saa nzima akidhani amefanya mazoezi.

Hapo ndipo kupima mapigo ya moyo kunaposaidia, na hapo ndipo watu wanapokwama: nitumie vidole vyangu, vile vyuma vya kwenye hendeli, saa ya mkononi, au ninunue mkanda wa kifuani? Nitazipitia zote nne kwa vigezo vilevile, pamoja na njia ya tano isiyohitaji kifaa chochote.

Kwanza, namba unayoitafuta

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Aliyezoea mazoezi anaweza kuwa chini ya 60 na akawa mzima kabisa. Pima mapigo yako asubuhi kabla hujatoka kitandani, siku tatu nne mfululizo, uandike. Hayo ndiyo mapigo yako ya kupumzika, na ukishayajua yanakusaidia kwa mengi: siku yakiamka juu kuliko kawaida yako kwa mapigo kumi hivi, huenda kuna homa inakuja, hukulala vizuri, au mwili haujapona uchovu wa jana. Siku hiyo baiskeli ipumzike.

Namba ya pili ni kikomo cha juu cha mapigo yako, nacho ni cha kukadiria. Hesabu inayojulikana zaidi ni 220 ukitoa umri wako. Ipo nyingine isemayo 208 ukitoa asilimia 70 ya umri. Mwenye miaka 40 atapata 180 kwa zote mbili. Mwenye miaka 60 atapata 160 kwa ya kwanza na 166 kwa ya pili. Kupishana huko kunakuonyesha kwamba haya ni makadirio. Watu wawili wa umri mmoja wanaweza kuachana kwa mapigo kumi au zaidi, na wote wakawa wazima.

Mazoezi ya wastani huchukuliwa kuwa asilimia 50 hadi 70 ya kikomo hicho, na makali ni asilimia 70 hadi 85. Mwenye miaka 50, ambaye kikomo chake ni 170, atakuwa kwenye wastani akiwa kati ya 85 na 119. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za makali. Anayeanza hana sababu ya kuyagusa makali.

Kuna watu ambao hesabu hii haiwafai, na ningependa wasome hapa kwa makini kuliko popote. Wa kwanza ni wanaomeza dawa za kundi la beta-bloka, kama atenolol, bisoprolol, carvedilol au propranolol. Dawa hizo huzuia moyo usiende mbio, kwa hiyo mtu anaweza kukanyaga mpaka pumzi ikamwishia huku namba ikiwa bado ndogo. Akiifukuzia namba ya kwenye hesabu, atajiumiza. Na asithubutu kuacha kidonge ili namba ipande. Wa pili ni wenye kisukari cha miaka mingi: ugonjwa unaweza kuwa umeziharibu neva zinazouongoza moyo, mapigo yasipande inavyotakiwa, na hata maumivu ya kifua yasisikike vizuri. Wa tatu ni wenye mapigo yasiyo na mpangilio, au waliowekewa kifaa cha kuendesha moyo. Wote hawa wapewe namba yao na daktari, na wategemee zaidi ile njia ya tano.

Vigezo

Nimeangalia mambo matano. Usahihi mtu akiwa anakanyaga, maana akiwa amekaa karibu kila kitu kinasoma vizuri. Urahisi wa kutumia juu ya baiskeli. Namna kifaa kinavyostahimili joto na jasho. Gharama na upatikanaji. Na mwisho, kinamfaa nani.

Hilo la joto nalipa uzito kuliko mwandishi wa nchi ya baridi angelipa. Ukikanyaga ndani ya chumba, hakuna upepo unaokupitia kama ukiwa barabarani. Mwili unapopata moto, moyo hulazimika kupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili joto litoke, huku miguu nayo ikidai damu yake. Jasho likimwagika, maji ya damu hupungua, na kila pigo hubeba damu kidogo kuliko mwanzo. Moyo hufidia kwa kupiga haraka zaidi. Pwani yetu ina unyevu mwingi hewani, jasho halikauki upesi, kwa hiyo mwili haupoi. Matokeo yake, unaweza kuanza na mapigo 110, na baada ya nusu saa ukakuta 125 bila kuongeza ugumu hata kidogo. Kifaa hakijadanganya, moyo kweli unafanya kazi zaidi. Punguza ugumu, kunywa maji, fungua madirisha na elekeza feni kifuani. Kuanzia Novemba hadi Machi, alfajiri ndiyo saa nzuri kuliko zote.

Vidole na saa ya ukutani

*Usahihi.* Ni mzuri kama umejifunza. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, chini kidogo ya mkunjo. Kidole gumba chenyewe usikitumie, kina mapigo yake yatakayokuchanganya. Hesabu kwa sekunde 15 uzidishe kwa nne. Ukihesabu sekunde 10 na kuzidisha kwa sita, pigo moja ulilokosea linakuwa kosa la mapigo sita. Kwa sekunde 15 ni manne, kwa sekunde 30 ni mawili tu. Ugumu ni kwamba ukisimama ili upime, moyo huanza kushuka papo hapo, kwa hiyo sekunde 30 zitakupa namba ndogo kuliko ile ya kwenye mazoezi. Sekunde 15, ukianza mara moja, ndizo za katikati. Kwa mapigo ya kupumzika, au kama unahisi yanarukaruka, hesabu dakika nzima.

Wengine hupima shingoni kwa sababu mshipa unasikika haraka. Inawezekana, ila gusa upande mmoja tu na kwa wepesi. Kuukandamiza mshipa wa shingo, hasa kwa mzee, kunaweza kuyashusha mapigo ghafla akazimia, na hapo yuko juu ya kiti cha baiskeli.

*Juu ya baiskeli.* Kunasumbua kidogo. Unapunguza mwendo, unaachia hendeli, unatazama mshale wa sekunde na kuhesabu kwa wakati mmoja. Mwenzako akishika saa na kusema "haya, anza", kazi inakuwa nyepesi.

*Joto na jasho.* Hakuna cha kuharibika. Futa mkono kwa taulo.

*Gharama.* Bure, na umeme ukikatika bado unafanya kazi.

*Kunamfaa nani.* Anayeanza na anayekanyaga kwa mwendo mmoja usiobadilika. Hata atakayenunua saa au mkanda ninamsihi ajifunze hili kwanza, kwa sababu vifaa vingine vyote utavihakiki kwa vidole vyako. Lina faida nyingine ambayo saa nyingi hazikupi: vidole husikia mpangilio. Pigo likiruka au likichelewa, utalijua.

Vyuma vya kwenye hendeli

*Usahihi.* Vipande hivi viwili vya chuma husoma umeme mdogo wa moyo kupitia viganja. Lazima mikono yote miwili ishike, na itulie. Ukikaza sana, umeme wa misuli ya mikono unaingilia. Ukilegeza, namba inapotea. Viganja vikavu sana navyo havisomeki vizuri. Hata hivyo, kwenye baiskeli vinafanya kazi afadhali kuliko kwenye mashine ya kukimbilia, kwa kuwa mwili wa juu hautikisiki sana.

*Juu ya baiskeli.* Huna cha kuvaa. Shika, subiri sekunde kadhaa namba itulie, soma, achia. Kukaa umevishika muda wote kunachosha mabega.

*Joto na jasho.* Unyevu kidogo husaidia, lakini chumvi ya jasho na hewa ya bahari hula chuma. Kila ukimaliza futa kwa kitambaa chenye maji safi, kisha kikavu. Baiskeli iliyowekwa barazani Mikindani au karibu na ufukwe wa Lindi bila kufutwa itaanza kuota kutu kwenye maungio, na namba zitaanza kurukaruka kabla hujaiona kutu yenyewe.

*Gharama.* Umeshalipa uliponunua baiskeli. Kwenye baiskeli nyingi za kawaida za nyumbani kioo kinatumia betri ndogo, hivyo hakitegemei umeme wa ukutani.

*Vinamfaa nani.* Nyumba yenye watumiaji wengi, na mtu anayetaka kujua kwa wastani yuko wapi. Mgonjwa wa moyo aliyepewa kikomo na daktari asivitegemee peke yake.

Saa ya mkononi inayosoma mapigo

*Usahihi.* Saa hizi humulika ngozi kwa mwanga, mara nyingi wa kijani. Damu huumeza mwanga huo, na kila pigo likileta damu mpya, mwanga unaorudi kwenye saa hupungua. Saa inahesabu mabadiliko hayo. Ukikaa umetulia inasoma vizuri. Ukikunja kifundo na kukaza hendeli, mishipa na misuli inasogea chini yake na namba inayumba. Pia inachelewa: ukikaza mwendo ghafla kwa sekunde 30, saa inaweza kuwa bado inapanda wakati wewe umeshaanza kupumzika.

Jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja ni rangi ya ngozi. Ngozi nyeusi humeza mwanga wa kijani kuliko nyeupe, na mchoro wa tatuu huumeza zaidi. Saa nzuri huongeza nguvu ya mwanga ikafidia. Saa ya bei ya chini huenda isiweze, na badala ya kukuambia imeshindwa inakuonyesha namba. Ijaribu kabla ya kuiamini: pima kwa vidole ukiwa umekaa, kisha mara tu unapopunguza mwendo, ulinganishe. Zikipishana mapigo matatu manne, sawa. Zikipishana 20, usiipe saa hiyo usukani wa afya yako.

*Juu ya baiskeli.* Hapa ndipo inapowapendeza watu. Unatupia jicho tu. Nyingi zinakuruhusu kuweka kikomo, ikitetemeka ukikivuka, na zinaweka kumbukumbu ya wiki nzima. Ivae juu kidogo ya mfupa wa kifundo, ikaze bila kuacha alama, na legeza mkono kwenye hendeli.

*Joto na jasho.* Jasho likijaa chini yake inateleza na kusoma vibaya. Ifute katikati ya mazoezi. Mkanda wa mpira unaokaa mkononi kutwa katika joto hili huleta vipele. Uoshe, na mkono upate kupumua.

*Gharama na upatikanaji.* Zipo za bei zote, na hapo ndipo penye mtego. Wengi huagiza Kariakoo, mzigo ukaletwa na basi. Kabla hujatuma hela, mwombe muuzaji aiwashe na kuivaa mbele ya video, na mkubaliane utairudishaje ikikataa. Inahitaji kuchajiwa, na mara nyingi simu janja pia.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kufuatilia kwa miezi, anayesahau kupima, na anayekanyaga kwa mwendo wa wastani. Kwa mazoezi ya kukaza na kulegeza kwa vipindi vifupi, inabaki nyuma.

Mkanda wa kifuani

*Usahihi.* Katika vifaa anavyoweza kununua mtu wa kawaida, huu ndio unaosoma vizuri zaidi wakati wa mazoezi. Unasoma umeme wa moyo pale pale karibu na moyo, na unafuata mabadiliko bila kuchelewa sana. Hauangalii rangi ya ngozi. Lakini nao si kipimo cha hospitali: hauwezi kukuambia kama mshipa wa moyo umeziba.

*Juu ya baiskeli.* Mikono inabaki huru kabisa. Namba huonekana kwenye simu au saa iliyounganishwa bila waya, na baadhi ya baiskeli zina kipokezi cha kuionyesha kwenye kioo chake. Uliza kabla ya kununua, maana si kila mkanda unaelewana na kila baiskeli. Lowesha sehemu za kusomea kwa maji kabla ya kuuvaa. Ukiwa mkavu, dakika za mwanzo utaona namba za ajabu mpaka jasho lianze. Kina mama huuvaa chini ya sidiria, mstari wa chini ya matiti, na wengine huona unabana. Hilo ni jambo la kweli la kuzingatia, kwa sababu kifaa kinachomkera mtu huishia kabatini.

*Joto na jasho.* Jasho linausaidia kusoma, lakini chumvi yake inauchosha mkanda. Kila baada ya mazoezi bandua kile kidude cha mbele kinachotuma namba, suuza mkanda, anika kivulini. Ukikiacha kimebanwa kwenye mkanda wenye unyevu, betri inaendelea kuliwa.

*Gharama na upatikanaji.* Ni ghali kuliko saa za bei ya chini, na madukani mwetu ni nadra. Betri yake ni ile bapa ya duara, inayokaa miezi mingi, lakini soma namba ya aina yake uwe na ya akiba nyumbani.

*Unamfaa nani.* Aliyepewa na daktari kikomo asichopaswa kukivuka, anayerudi kwenye mazoezi baada ya ugonjwa wa moyo kwa ruhusa, na kijana wa mbio au mpira anayefanya mazoezi makali ya vipindi. Mwenye kifaa cha kuendesha moyo amuulize daktari kwanza.

Njia ya tano: pumzi na maneno

Kwenye mazoezi ya wastani unaweza kuzungumza sentensi nzima lakini huwezi kuimba. Kwenye makali, unatoa maneno machache kisha unavuta pumzi. Ni hivyo tu, na inafanya kazi vizuri ajabu. Msweden Gunnar Borg alitengeneza pia kipimo cha kujipa alama kutoka 6 hadi 20 kadiri unavyohisi kazi ni nzito. 12 hadi 14 ndiyo wastani. Kwa wanaomeza beta-bloka na wenye kisukari cha muda mrefu, pumzi huwa na ukweli kuliko namba. Udhaifu wake ni kwamba mtu mwenye haraka hujidanganya kuwa bado anaweza. Bibi au mzee akanyage huku mtu mwingine akipiga naye soga. Sauti ikianza kukatika, yule wa pembeni atasikia kabla yake.

Kipimo cha presha cha kufunga mkononi, ambacho nyumba nyingi zenye wazee wanacho, nacho huonyesha mapigo. Kitumie kabla ya kupanda baiskeli na baada ya kupumzika. Kinataka mkono uliotulia, kwa hiyo wakati wa kukanyaga kiache. Kile cha kubana kidoleni vilevile.

Uchague kwa hali yako

Kama ndiyo unaanza na huna ugonjwa unaojulikana, tumia vidole na maneno kwa mwezi wa kwanza. Kanyaga dakika tano hadi kumi kwa ulegevu ili moyo upande taratibu, pima katikati, kisha malizia kwa dakika tano nyingine za ulegevu. Ukisimama ghafla damu hubaki miguuni, na kizunguzungu kinakupata unaposhuka.

Kama una presha na uko kwenye dawa, beba vidonge vyako siku ya kliniki umuulize daktari maswali mawili: hizi zinashusha mapigo, na mimi nisivuke ngapi? Akikupa kikomo, mkanda unastahili gharama yake. Akisema uende kwa pumzi, huhitaji kununua chochote.

Kama umefunga Ramadhani, sogeza mazoezi baada ya futari au baada ya tarawehe, chakula kikishatulia. Jioni kabla ya kufuturu mwili hauna maji, na mapigo yatapanda mapema kuliko kawaida kwa kazi ileile.

Kama una hela ya msimu wa korosho na unasitasita kati ya saa na mkanda, jiulize unataka kujua nini. Mwenendo wa wiki na miezi: saa. Moyo unafanya nini dakika hii: mkanda.

Mjamzito, aliyepungukiwa damu na aliyetoka kuugua malaria, mapigo yao huwa juu hata wakiwa wamekaa. Waanze na ruhusa ya mhudumu wa afya, na waende kwa maneno badala ya asilimia.

Kwa yeyote, na kwa kifaa chochote: kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi, shingoni au tayani, jasho baridi likitoka, pumzi ikikata kuliko kazi unayofanya, au moyo ukianza kurukaruka, acha kukanyaga hata kama namba inasema uko salama. Keti, mwite mtu. Hali isipotulia ndani ya dakika chache, nenda hospitali iliyo karibu, iwe Ligula ya Mtwara, Sokoine ya Lindi, Ndanda au Nyangao, na usisubiri kuche.

Na kama nyumba nzima inatumia baiskeli moja, andikeni karatasi muibandike ukutani mbele ya kiti: jina la kila mtu, mapigo yake ya kupumzika, na namba ambayo asiivuke. Baba wa miaka 60 asikanyage kwa namba ya kijana wake wa miaka 25.